Maji Yapitayo Ukutani

Majina yote ninayo. Ukinishika hapa ukaniuliza nani alisimama mbele na nani nyuma yake kwenye foleni ya mfereji wa mtaani kwetu Ng'ambo, mwaka themanini na tano, nitakutajia mmoja mmoja, jina la mtu, la babake, na la utani. Lakini wengi wao washatangulia mbele ya haki, na jina la mtu ni lake, halitembezwi bila ya ruhusa yake. Hapa nitasema dada yangu, na nitasema mjukuu wangu. Hao wawili wananitosha kwa haya ninayotaka kuyaeleza, nayo ni habari ya kiu ya dada yangu.

Tulifuatana. Mama alikuwa akisema mie ndiye niliyemwachisha dada ziwa, na ndiyo sababu tangu hapo ananitazama kama mtu niliyempokonya kitu mkononi. Mama kwao Makunduchi, kusini ya Unguja, na huko ndiko tulikokulia. Makunduchi hakuna mto. Kisiwa chetu hiki ni jiwe tupu, jiwe lenye matundu, mvua ikinyesha maji yanazama humo humo na huyaoni tena. Lakini bahari ikitoka, ikaenda mbali mpaka ukaiona nyeupe tu kama uzi, kuna mahala mchangani ukifukua kwa mkono maji yanapanda taratibu, ya baridi, na ukiyaonja hayana chumvi ya bahari. Dada ndiye aliyenionyesha mahala hapo. Alilala kifudifudi, akatia mdomo, akanywa, kisha akageuka na mchanga kidevuni, akaniambia yale ni maji ya mvua yaliyopita kwenye jiwe.

"Jiwe limeyafungulia mlango wapi?" nikamuuliza.

"Weye kunywa," akanambia.

Nikanywa. Mpaka leo nikifumba macho nayasikia yale maji kwenye meno.

Tulipokuwa wanawake, mie niliolewa Ng'ambo na seremala, dada akaolewa Mjini, kwenye nyumba ya mawe na chokaa yenye ua katikati na kisima cha zamani ndani ya ua. Mumewe alikuwa mtu wa asili ya Kiarabu, mpole, mwenye kupenda mzaha. Mie nilikwenda kwa dada kila nilipopata nafasi, na nikifika, kabla sijavua buibui, nilikuwa nikitaka kitu kimoja tu, maji ya mtungi wake.

Maji ya dada yalikuwa na sifa. Mtungi aliuosha, akauanika mpaka ukakauka, kisha akauinamisha juu ya chetezo chenye ubani, moshi ukapanda ukaingia ndani, ukakaa humo ukizunguka. Ndipo alipoyamimina maji polepole, kama anayemlaza mtoto. Juu yake akaweka kata, kile kifuu cha kuchotea, na maua mawili matatu ya asumini. Watu walitafuta visababu vya kupita kwake. Mmoja atakuja kuuliza habari ya mgonjwa asiyeumwa, mwingine kurudisha ungo aliokuwa hakuazima. Wote wakinywa na wakikaa kimya kidogo baada ya kunywa. Dada alikuwa akiuangalia ule ukimya na kufurahi nao.

"Unatia nini humu?" mumewe alikuwa akimuuliza mbele za watu.

"Uchawi," alikuwa akijibu. "Si ndio huo uliokuleta?"

Sasa kuna jambo la ukuta, na lazima niliseme kabla ya maradhi ya dada, kwa sababu mwisho wa kiu yake umo humo.

Miaka ile ya themanini na kitu saruji ilianza kupatikana tena madukani, na kila mwenye nyumba ya mawe alitaka kuta zake zing'are. Chokaa ikaonekana mambo ya kizamani. Dada alikuwa na harusi ya wifi yake inakuja, akaukwangua ukuta wa ukumbi, akaupiga saruji, ukawa laini kama yai. Siku ya harusi watu waliuegemea ule ukuta kwa migongo yao na kuusifu. Ikaja masika. Ukuta ukaanza kutoka jasho. Kwanza doa moja chini, kama paja la mtu, kisha doa likapanda, rangi ikavimba malengelenge, ukiyabonyeza yanatoa maji ya chumvi.

Dada akasema ni mfereji wa msala wa juu, wa bafu la ghorofani, unavuja. Mumewe akapanda juu, akatazama, akasema hauvuji. Dada akasema unavuja kwa siri. Basi mfereji ule ukafungwa, na nyumba nzima, wakubwa kwa wadogo, ikawa inateremka uani kuteka maji kisimani na kuoga kwa kopo. Masika yote yakapita, kiangazi kikaingia, wanaoga kwa kopo, na ukuta unatoka jasho vile vile. Mumewe alikuwa akipita pale ukumbini na taulo begani, akaugusa ukuta kwa kiganja kama anayempima mtoto, akasema, "Bibi, huyu ana homa bado."

Dada hakucheka. Alikuwa mtu akishaamua, ameamua.

Mwisho saruji ilibomolewa, kwa kuwa ilikuwa ishaanza kuanguka yenyewe, ukapigwa ukuta chokaa kama ulivyokuwa tangu mwanzo. Ukakauka. Ndipo tulipojua kwamba maji yale hayakutoka kwenye mfereji hata tone. Yalikuwa yakipanda kutoka chini ya ardhi, yakipita ndani ya mawe, kama yalivyopita miaka yote tangu nyumba kujengwa. Chokaa ilikuwa ikiyaachia yaende zake hewani, hata hatukuyajua. Saruji iliyafungia njia, yakakosa pa kutokea. Dada alipofahamu hayo alikaa kwenye kigoda mbele ya ule ukuta mpya, akautazama sana, akasema, "Basi tumeoga kwa kopo bure."

Tulicheka mpaka mumewe akatoka chumbani kuuliza nani kaja.

Miaka ikapita kama inavyopita, huioni ikienda. Mumewe akafa, na wangu akafa. Watoto wakatawanyika. Binti yangu akazaa binti, na binti huyo ndiye mjukuu wangu ninayemsema. Alisoma, akasoma, mpaka akapelekwa nchi ya baridi. Siku moja alipiga simu, nikamuuliza huko anasomea nini hasa, akanambia anasoma milango ya maji.

"Unasomea ufundi bomba?" nikamuuliza. "Mafundi bomba hapa wako tele, mke mwenzangu, usingekwenda mbali hivyo."

Akacheka huko kwenye baridi yake. Akasema ni milango iliyomo ndani ya mwili wa mtu, midogo hata jicho haliioni. Nikasema haya. Nilidhani simu haisikiki vizuri.

Mwaka elfu mbili na kumi ulipokuwa ushapita, dada akaanza kuvimba tumbo. Mwanzo alifanya mzaha. Wanawake wa mtaani walimwambia, "Bi mkubwa, una mimba?" Akawajibu, "Ninayo, na mwenyewe nshamzika, sijui nimtume nani kwa ndizi mbichi." Lakini uso ulikuwa ukipungua kila tumbo likizidi. Watoto wake wakampeleka bara, hospitali kubwa, na huko tukaambiwa ni saratani, imeanzia kwenye mifuko ya mayai, na imekwisha kutembea. Walimdunga tumboni wakatoa maji. Mie nilikuwepo. Maji yalikuwa na rangi ya chai nyepesi, yakiteremka kwenye mpira na kuingia kwenye chupa za vioo, chupa moja ikijaa inaletwa nyengine. Dada alikuwa amelala ubavu, akizitazama zile chupa. Alizitazama kama anayewatazama watu wanaotoka nyumbani kwake bila ya kuaga.

Tuliporudi Unguja, nikahamia kwake Mjini, nikatandika mkeka wangu ukumbini karibu na kitanda chake. Alitaka kulala pale pale ukumbini, asikie njia. Asubuhi jua lilikuwa likiingia kwenye ua, likapanda polepole ukutani, na mie nikawa siku nyengine sijui niko mwaka gani, kama ni yule mtoto wa Makunduchi au huyu bibi kizee anayeumwa magoti. Dada naye alikuwa hivyo. Aliweza kuniuliza katikati ya mchana kama bahari ishatoka.

Mtungi wake ulikuwepo kwenye pembe yake. Niliuosha, nikaufukiza ubani, nikautia maji kama nilivyomwona akifanya maisha yake yote. Na hapo ndipo nilipoanza kuona kitu. Mtungi haupungui.

Siku za mwanzo alinambia amefunga, Jumatatu na Alhamisi, sunna. Nikasema mgonjwa hana funga.

"Hiyo ni ruhusa," akanambia. "Si amri."

Mtu akisema amefunga utamfanyaje? Kwetu sie huwezi kumsogezea maji mtu aliyefunga, ni kumfanyia ubaya. Wageni waliokuja kumtazama walikuta kata imekauka, wakaambiwa bibi amefunga, wakasema mashallah, wakamwombea dua na wakaenda zao wakimsifu kwa imani. Magharibi ikiadhiniwa alikuwa akila nusu ya tende, akatia ulimi kwenye maji, akanirudishia bilauri imejaa. Nikadhani hana hamu. Maradhi yanaondoa hamu, hilo twalijua.

Kisha ikaja Jumamosi, naye hataki kunywa.

"Leo si Alhamisi," nikamwambia.

"Nalipa kadha, siku nilizokula Ramadhani."

"Kadha ya mwaka gani, dada?"

"Ya nilipokuwa nanyonyesha."

"Huyo uliyekuwa ukimnyonyesha ana mvi."

"Kadha haichachi," akanambia, akafumba macho.

Nilikaa pale nikimtazama midomo. Ilikuwa imepasuka kama udongo wa bonde baada ya mpunga kuvunwa. Mkojo ulikuwa mchache, wa rangi ya samli iliyoungua. Nesi wa mtaani, aliyekuwa akija kumsafisha, alinivuta uani akanambia kwamba huyu asiponywa, figo zitasimama, na zikisimama hatafika mwezi ujao, na saratani yenyewe ingali inampa muda. Nikarudi ndani, nikakaa ukingoni mwa kitanda.

"Dada, nambie kweli. Kwa nini hunywi?"

Alijigeuza chali. Kisha akaweka mkono juu ya tumbo lake, ambalo lilikuwa lishaanza kurudi.

"Uliziona zile chupa?" akaniuliza.

"Niliziona."

"Yale yote niliyanywa mie. Tumbo hili ni mtungi, mdogo wangu. Ukiutia maji unajaa. Nisipoutia, utajaa na nini? Na hicho kilichomo ndani kitakunywa nini? Kitakauka."

Mie nilisoma kidogo, darasa la watu wazima, nikajua kuandika jina langu na majina ya wenzangu, na haya maneno unayoyasoma. Nilivyomsikia, maneno yake yaliingia akilini kama yana haki. Mtungi ukiutia maji unajaa, nani atabisha? Lakini nilikuwa namwona anavyokauka yeye, na tumbo halikauki.

Wiki ile ile mjukuu wangu akaja likizo.

Siku aliyofika, kabla hajaja Mjini, nililala kidogo baada ya adhuhuri pale mkekani. Upepo ulikuwa ukipita uani na kulifungua na kulifunga dirisha moja la juu bila ya kelele. Nikaota nyumba ile ile, lakini milango yake yote ni midogo, kimo cha kidole, na imejaa kuta nzima toka chini mpaka dari. Maji yanapita humo, moja nyuma ya jengine, yamevaa mitawanda, vile viatu vya mti, ko, ko, ko. Kila moja likifika mlangoni linasema hodi. Na sauti ya dada, ile sauti yake ya usichana, inajibu kila mara, karibu, karibu, karibu, bila ya kuchoka. Niliamka nikiisikia ile mitawanda, kumbe ni visigino vya mjukuu wangu kwenye mawe ya uani.

"Shikamoo, Bibi. Shikamoo, Bibi wa Mjini."

"Marahaba, mke mwenzangu," dada akamwitikia kutoka kitandani. "Hebu njoo nikutazame. Umenenepa."

"Baridi ya kule inataka nyama, Bibi."

"Au umepata wa kukunenepesha, unatuficha?"

"Ningempata ningemleta, aje anywe maji yako."

Dada akafurahi. Akanambia nimtilie mgeni maji, kwa kata, si kwa bilauri. Mjukuu wangu akanywa, akakaa kimya ule ukimya wa watu wote waliowahi kunywa pale. Kisha akaijaza kata tena, akampelekea dada.

"Nimefunga," dada akasema.

Mtoto akatazama nje, akatazama jua, akanitazama mie. Nikamwambia mambo yote pale pale, mbele ya dada, kwa kuwa sikutaka kumsema mtu pembeni naye anasikia. Nikamweleza chupa, nikamweleza mtungi, nikamweleza kadha. Dada aliniacha niseme. Nilipomaliza akasema, "Ndiyo. Na weye uliyesoma, nambie nimekosea wapi."

Mjukuu wangu akakaa chini kwenye mkeka, akachukua mkono wa dada. Aliibana ngozi ya juu ya kiganja kwa vidole viwili, akaiachia. Ngozi ikabaki imesimama vile vile, kama kunjo la kanga. Aliitazama mpaka ikalala.

"Bibi," akasema, "mwili wako ni nyumba yenye vyumba vingi sana, vidogo, hesabu yake hata mie siijui. Kila chumba kina ukuta wake, na ule ukuta ni wa mafuta. Sasa maji na mafuta yanapatana?"

"Hayapatani. Hilo si la kusomea baridini."

"Basi maji yanaingiaje chumbani?"

Dada akafikiri. "Kwa mlango."

"Kwa mlango. Kwenye ule ukuta wa mafuta kuna milango ya maji, imetengenezwa kwa protini, na ni myembamba hata maji hayawezi kupita mawili kwa pamoja. Yanapita moja moja, yamefuatana."

"Kama foleni ya mfereji," nikasema mie.

"Kama foleni ya mfereji, Bibi. Na mlinzi wa mlango ni mkali. Chumvi ikija haipiti, ni maji tu. Figo zina milango hiyo, macho yanayo, damu inayo. Bila ya hiyo usingelia chozi wala usingetoka jasho."

Dada akasema, "Na huyu mgeni wangu?" Alikuwa hapendi kuyataja maradhi kwa jina.

"Huyo naye ni vyumba vya mwili wako, vimeasi. Tunachokiona sie ni kuwa vyengine katika hivyo vilivyoasi vinajifungulia milango mingi kupita kiasi. Chumba kinavuta maji upande mmoja, kinavimba upande huo, kinajisukuma mbele. Kinatembea. Ndivyo tunavyodhani maradhi yanasaidiwa kuhama, kutoka pale yalipoanzia kwenda pengine."

"Kwa maji," dada akasema.

"Kwa maji, na kwa mambo mengine pia."

"Basi si ndio nnayosema mie? Nikikinyima maji hakitembei."

Mtoto hakuwa na haraka. Alikuwa bado ameushika mkono wake.

"Kingekuwa kinakungoja weye unywe ndipo kinywe, ungesema kweli. Lakini kinachukua kwenye damu yako, Bibi, na damu itakosa maji mwisho kabisa, baada ya kila kitu. Kabla yake zitakauka figo zako. Yatakauka macho. Utakauka weye, naye yupo."

"Na milango yake hamuwezi kuifunga?"

"Ndiyo kazi yetu. Tunatafuta namna ya kuifunga ile mibaya tusiifunge ya figo."

"Mmepata?"

"Bado."

"Mtapata lini?"

"Sijui, Bibi."

Nilimpenda kwa jibu lile. Dada naye aliliheshimu, niliona namna alivyomtazama. Lakini hakuchukua kata. Aliigeuza shingo akauelekea ukuta, akasema polepole, "Na maji ya tumboni? Yametoka wapi, kama si mdomoni mwangu?"

"Yanatoka ndani. Maradhi yameitoboa mishipa inavuja, na mifereji ya kuyaondoa yameiziba. Zamani yalikuwa yakipita siku zote, Bibi, yakija na yakienda, hukuyajua. Sasa yanakuja na hayana pa kutokea."

Nilikuwa nimekaa nikiuangalia mkono wa dada. Ulinyanyuka taratibu kutoka shukani, mkavu kama jani, ukauendea ukuta, ukauegemea kwa kiganja. Chokaa ilikuwa baridi, najua, kwa kuwa ukuta ule baridi saa zote. Alikaa hivyo. Nami nikauona ule ukuta wa zamani nyuma ya huu, umevimba malengelenge, na shemeji yangu anapita na taulo begani.

"Unasikia, mdogo wangu?" dada akasema, bila ya kugeuka. "Hayana pa kutokea, anasema."

"Nasikia."

"Na mie nimefunga mfereji wa juu."

"Umeufunga, dada."

Mjukuu wangu alitutazama, hajui tunazungumza nini, alikuwa hajazaliwa. Mabega ya dada yakaanza kutikisika. Nilidhani analia, nikasogea. Alikuwa anacheka, cheko lisilo na sauti, la mtu aliyekosa mate, akiwa bado ameushika ukuta.

"Tumeoga kwa kopo," akasema. "Tena."

Nikacheka nami, machozi yananitoka. Yeye hayakumtoka, alikuwa hana. Ndipo niliponyanyuka nikaichukua ile kata mkononi mwa mtoto, nikaizamisha upya mtungini, chini, ambako maji yana baridi zaidi. Jua lilikuwa lingali juu ya ukuta wa ua. Magharibi bado.

"Nimefunga," akasema tena, lakini sasa alikuwa anauliza.

"Umeruhusiwa."

"Ruhusa si amri."

"Zawadi basi," nikamwambia. "Mwenyezi Mungu anakuletea zawadi, weye unaiacha mlangoni. Ndivyo tulivyolelewa?"

Akanitazama lile tazamo lake la mtu niliyempokonya kitu. Nikatia mkono chini ya shingo yake, nikamnyanyua. Alikuwa mwepesi juu na mzito tumboni.

"Yamepita wapi haya?" akaniuliza, mdomo uko kwenye kata.

"Weye kunywa," nikamwambia.

Akanywa. Alianza kwa kuyalamba, kama paka, kisha koo likakumbuka kazi yake, nikalisikia linavyomeza, guu, guu, mpaka ua moja la asumini likamgusa mdomo wa juu akalipuliza pembeni bila ya kuacha kunywa. Alipomaliza alikaa kimya. Ulikuwa ule ule ukimya wa wageni wake, na ndiyo mara ya kwanza namwona yeye mwenyewe amekaa ndani yake.

"Ubani umeuzidisha," akanambia baadaye.

"Utafukiza mwenyewe kesho."

"Ntafukiza."

Na kweli alifukiza. Si kesho yake, lakini wiki ile haijesha alikuwa amekaa kwenye kigoda, kanga imemlegea, anauinamisha mtungi juu ya chetezo na kunifokea namna ninavyoushika. Mkojo ulirudi. Midomo ikapona. Tumbo halikupona, sitaki mtu anielewe vibaya. Lilijaa tena, na nesi akaja na daktari wakalidunga pale pale nyumbani, na chupa zikajaa, naye akazitazama. Safari hii aliwaambia waziweke mahala anapoziona. "Nayajua yalikotoka," akasema. Kisha akaomba maji ya kunywa, mbele ya zile chupa, na daktari kijana akapewa kata yake naye.

Mjukuu wangu akarudi kwenye baridi yake. Alikuwa akipiga simu, na dada hamwachi amalize salamu. "Mmeifunga ile milango?" Mtoto anajibu, "Bado, Bibi wa Mjini." "Haya, fanyeni haraka, lakini msinifungie ya machozi, wifi yangu akija kunitazama nnaihitaji." Wakicheka wote, huku na huko.

Alifika mwezi ule, akafika na mwezi uliofuata, akaiona Idi, akavaa kanga mpya. Siku ya mwisho ilikuwa asubuhi, jua ndiyo kwanza linateremka kwenye ua. Aliniuliza kama bahari ishatoka. Nikamwambia ishatoka, imekwenda mbali. Akasema basi twende, na akafungua kinywa kidogo, nami nikamtilia maji kwa kijiko, kidogo kidogo, nikimsomea kalima ya shahada. Aliyapokea yote. Hakuna hata tone lililorudi.

Mtungi wake nilikuja nao Ng'ambo. Uko pembeni hapa ninapoandika, na umelowa kwa nje kama kawaida yake, udongo ukiyaachia maji mlango wasiouona watu. Wageni wakija siwaulizi kama wamefunga. Nachota, nawapa.